Ambreyaji Iliyopimwa kwa Mizani ya Pamba

Amisi, aliyepokea funguo za garaji kutoka kwangu mwezi uliopita, ameniomba niwaandikie ninyi vijana jinsi ya kuchagua ambreyaji, yaani klachi, ya gari la mashindano. Nilimjibu kwamba katika maisha yangu yote nimechagua moja tu, nikakosea, na hakuna kosa lililowahi kunipa furaha kama lile. Akasema basi niandike hilo. Sasa nina siku nzima na kiti chenye mgongo, vitu viwili ambavyo fundi hapewi akiwa kazini, kwa hiyo naandika. Anayetaka habari za vyeo akawaulize waliokuwa navyo. Mimi nilikuwa chini ya gari.

Niliingia garaji pale Kasongo wakati wa Wabelgiji, na sikuletwa na mapenzi ya magari. Kijijini kwetu, njia ya kwenda Nyangwe, kila mwanaume alipimiwa shamba la pamba na kapita, yule msimamizi wa serikali, atake asitake, na asiyelima alikiona cha moto. Lakini mwenye kitabu cha kazi mjini aliachwa. Baba alikuwa amefariki. Mama na mjomba walibaki na majembe yao, mimi nikakimbilia mjini na kusema mbele ya mlango wa kwanza uliokuwa wazi kwamba najua kazi. Mlango ule ungekuwa wa duka la mikate, leo ningekuwa nawaandikia habari za mikate.

Siku ya kwanza nilipewa ndoo ya petroli, brashi, na sanduku la nati zilizochanganyika. Fundi Ramazani, mkuu wa garaji, akaniambia nizioshe, kisha nizipange kwa ukubwa nikiwa nimefumba macho.

"Chini ya kamio haina mwangaza, Musafiri," alisema, akionyesha lori lililokuwa nyuma yake. "Vidole vijue mbele ya macho."

Nilifumbua jicho moja mara moja tu. Akamwaga sanduku lote chini, nikaanza upya. Jioni vidole vyangu vilinuka petroli hata ndani ya ugali, na nilikuwa naitambua nati ya spana namba kumi na saba kwa kuigusa. Mpaka leo naweza, ingawa hakuna anayeniomba.

Fundi Ramazani alikuwa mtu wa mjini, wa familia za Waislamu wa zamani wa Kasongo, na alivaa kofia nyeupe kazini. Nyeupe kweli. Nimefanya naye kazi miaka mingi, tumeshusha injini juu ya vifua vyetu, na sikuwahi kuiona kofia ile ikipata doa. Viatu alivivua kila alipoingia ndani ya gari, kwa sababu alisema pedali inaongea na unyayo, na kiatu ni mtu wa katikati anayepotosha maneno. Ambreyaji alinifundisha bila gari. Aliweka kiganja chake juu ya changu, akakandamiza.

"Hii yangu injini, hii yako magurudumu," alisema. "Nikikaza, tunaenda pamoja. Nikilegeza, kila mutu kwake. Ukikaza nusu na kulegeza nusu, ni moto."

Tulisugua viganja mpaka vikawaka. Somo lote la ambreyaji ni hilo, mengine ni jasho.

Mwenye garaji alikuwa Mbelgiji, mnunuzi wa pamba. Kamio zake zilikwenda vijijini kuleta pamba, na ghala lake lilikuwa limepakana na garaji yetu. Tulimwita Bwana Haraka, kwa sababu aliiambia haraka hata mvua. Mwaka mmoja akaletewa gari dogo la krimu juu ya kamio, viti viwili, bila paa, fupi kiasi kwamba mtu mwenye miguu mirefu angeweza kulivuka. Liliundwa Uingereza, kwa hiyo usukani ulikuwa upande wa kuume. Tulilizunguka tukicheka. Kisha akaliwasha, tukaacha kucheka. Sauti ile iliniingia tumboni, na nikajua kwamba yale ya kukimbia pamba yalikuwa uongo niliojidanganya, na kumbe nilikuja mjini kwa ajili ya hiki.

Wazungu wa Kasongo na wale wa migodi ya dhahabu ya upande wa Kabambare walishindana mara mbili kwa mwaka kwenye uwanja wa ndege. Walipanga mapipa matupu, wakazunguka mara kumi. Mara ya kwanza Bwana Haraka alimaliza mizunguko mitatu. Alikuwa na tabia ya kupumzisha mguu wa kushoto juu ya pedali, na ambreyaji iliyokanyagwa kidogo muda wote inateleza muda wote. Harufu ya diski ya ambreyaji iliyoungua ilitufikia garaji kabla ya gari lenyewe kusukumwa na watu ishirini.

Diski ile nilikuwa nimeifunga mimi. Bwana Haraka aliingia, akanielekezea kidole.

"Safari ingine ikiungua, weye unarudi pamba," alisema. "Kitabu yako napasua."

Alikuwa mtu wa kutimiza. Nilimtazama Fundi Ramazani, naye akatazama gari.

"Tutachagua vizuri," akasema.

Sasa ndipo somo la Amisi linapoanzia. Diski mpya kutoka Ulaya ingekuja kwa meli na reli, mashindano yangepita, na mimi ningekuwa tayari shambani navuna pamba. Tulipekua garaji tukapata diski tatu zinazoingia kwenye shafti ile. Ya kwanza ilitoka kwenye gari la kutembelea: ngozi yake laini, inashika kwa upole, inafaa kwa mtu anayekwenda kanisani. Fundi alipitisha ukucha juu yake, akaiweka kando. Ya pili ilikuwa ngumu kama sahani, haina resori zile ndogo za katikati, yaani springi zinazopokea mshtuko. Hiyo ingeshika vizuri mno, mpaka ivunje kitu kingine huko nyuma. Ya tatu ilitoka kwenye kamio ndogo ya kubebea posta. Ngozi yake ilifumwa pamoja na nyuzi za shaba, na resori za katikati zilikuwa nzima. Niliipenda mara moja. Fundi aliinusa, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatabasamu.

"Hii imezoea taabu," alisema.

Lakini diski haishiki peke yake. Inakandamizwa na sahani nzito, na sahani inasukumwa na resori tisa. Resori zikichoka, diski inateleza hata ingekuwa ya dhahabu. Bwana Haraka alitusomea kitabu cha gari: kila resori, ikikandamizwa mpaka kimo fulani, ionyeshe kilo hamsini. Tukamwuliza tupime kwa kitu gani.

"Mizani yangu iko pale," alisema. "Ile haina uongo."

Mizani yenyewe ilikuwa ghalani, ile ya kupimia pamba, yenye sahani ya kukanyagia na uso wa mviringo wenye mshale. Tuliweka resori juu ya sahani, tukasimamisha kriki ya kuinulia gari kati yake na boriti ya paa, nikazungusha mpaka resori ikafika kimo cha kipande cha chuma tulichokata. Fundi akasoma mshale. Arobaini. Ya pili, arobaini. Zote tisa, arobaini.

"Zimechoka," alisema kwa huzuni, akazitia kwenye mfuko.

Tulipekua pipa la resori za kamio siku mbili. Tulipima zaidi ya mia. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Kila mshale ulipogusa hamsini niliruka, na Fundi alipiga kofi moja tu la heshima. Tukapata tisa zilizolingana kama ndugu, hamsini, hamsini, hamsini. Nikazifunga. Nikailenga diski katikati kwa kijiti cha mti mgumu alichokichonga Fundi kwa mkono wake, sanduku la gia likaingia bila kusukumwa mara mbili, na nikaimba.

Hapa nawaomba msicheke mapema. Kasongo nzima, na kila kijiji mpaka Kabambare, ilijua kwamba mizani ile inaiba. Mama yangu alijua. Mjomba alijua, hata mbuzi wa mjomba alijua. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya mshale ule kila msimu tangu nilipoweza kubeba kikapu, nikausonya. Lakini siku zile mbili haikunijia akilini hata chembe, wala Fundi hakukumbuka. Kwa akili zetu mizani iliiba pamba. Nani angefikiri inaweza kuiba resori?

Fundi alivua viatu, akakanyaga pedali. Ilishuka taratibu sana.

"Iko nguvu," alisema, akiwa ameuma meno.

"Ni mubaya?"

"Gari ya mashindano iko vile."

Bwana Haraka alijaribu baada yake. Uso ulibadilika rangi, lakini mafundi wawili walikuwa wanamtazama, na mwanaume hakubali mbele ya mafundi kwamba pedali imemshinda. Akasema ni nzuri sana.

Siku ya mashindano watu walijaa pande zote za uwanja, wenye majani ya migomba kichwani kwa ajili ya jua. Mama alikuwa amekuja na mjomba. Nilimwona amesimama, mikono nyuma, akitazama mwanawe ataponea wapi. Magari yalikuwa matatu. Kanuni ilitaka kila gari lichukue fundi wake kwenye kiti cha pili, kwa sababu gari likizimika hakuna mzungu aliyetaka kuacha kinywaji chake akasukume. Basi nilikaa kushoto kwa Bwana Haraka, magoti kidevuni, nikiomba kwa mdomo uliofumbwa.

Bendera iliposhuka aliachia pedali, na gari halikuteleza hata kidogo. Liliruka. Shingo yangu ilibaki nyuma kidogo ikatufuata baadaye. Tuliyapita magari yote mawili kabla ya pipa la kwanza, vumbi jekundu likiwafunika, na ndani ya vumbi lile nilisikia watu wa Kasongo wakipiga kelele kwa ajili ya diski ya posta. Nilicheka mpaka meno yakajaa mchanga. Mzunguko wa pili, wa tatu, wa nne. Nilinusa hewa kila kona: petroli, vumbi, jasho la Bwana Haraka. Hakuna harufu ya kuungua.

Mzunguko wa tano mguu wake wa kushoto ulianza kutetemeka. Wa sita, alipotaka kushusha gia kabla ya pipa, pedali ilishuka nusu ikagoma, na gia ikalia kwa uchungu. Alinitazama, na katika miaka yangu yote pale ndiyo mara ya kwanza aliponitazama kama mtu anayehitaji mtu.

"Sukuma," alisema.

"Nisukume nini, Bwana?"

"Mguu! Sukuma mguu!"

Goti lake la kushoto lilikuwa karibu yangu. Nikaliwekea mikono miwili, nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Pedali ikashuka, gia ikaingia, nikaachia. Kona nyingine, vile vile. Akisema sukuma, nasukuma. Baadaye hata hakusema, nilisikiliza injini nikajua. Gari lile halina paa, kwa hiyo watu wote walimwona fundi mweusi akimkandamiza mnunuzi wa pamba kwenye goti kila pipa, na yeye akikubali. Kwenye mzunguko wa nane uwanja mzima ulikuwa unahesabu kwa sauti moja. Moja, mbili, sukuma. Sijawahi kulewa, lakini waliolewa walinieleza hali yao na naiona ni ile ile.

Tulishinda kwa urefu wa boneti. Wa pili alikuwa mhandisi wa mgodi wa dhahabu kutoka Salamabila, mtu mrefu tuliyemwita Bwana Miwani.

Wageni wote walikuja kwenye uwanja wa garaji kunywa. Bwana Haraka alitolewa garini na watu wawili, mguu ukining'inia. Vicheko vya uwanjani vilikuwa bado masikioni mwake, na furaha ya kushinda haikutosha kuvizima. Akaniita mbele ya wote.

"Diski haikuungua," alisema. "Lakini weye umetia resori ya kamio kubwa, umevunja mguu yangu kwa kusudi. Kesho pamba. Leta kitabu."

Nilikuwa na kitabu mfukoni. Nilikitoa. Nilikishika kwa mikono ile ile iliyokuwa inasukuma goti lake dakika chache kabla. Mama alikuwa kwenye uzio na watu wengine, akaona, akaondoka na mjomba bila kungoja mengine.

Bwana Miwani hakuwa na habari na kitabu changu. Yeye alishindwa akiwa na gari zuri kuliko letu, na alitaka kujua kwa nini. Akamgeukia Fundi Ramazani.

"Hizi resori mulichagua namna gani?"

"Kwa kitabu, Bwana," alisema Fundi, na akavua kofia, jambo ambalo sikuwa nimeliona. "Kitabu kilisema kilo hamsini. Tulipima moja moja kwa mizani ya Bwana, ile ya pamba. Zote hamsini. Hakuna hata moja ya hamsini na moja."

"Hamsini haivunji mguu."

"Na miye nilisema vile vile moyoni."

Bwana Miwani alikuwa mtu wa dhahabu, na watu wa dhahabu hawapiti karibu na mizani bila kuitazama. Alivuka mpaka ghalani na glasi mkononi, akapanda juu ya sahani. Akausoma mshale mara mbili. Kisha akasema kwa Kiswahili, pole pole, ili kila mtu asikie:

"Siku ya Alhamisi munganga wetu amenipima, kilo makumi nane. Leo niko makumi sita na ine. Nani ameona zile kilo yangu ingine njiani?"

Bibi mmoja mnene akaomba apande yeye pia; akatoka amefurahi sana. Wengine wakapanga mstari. Wote walikuwa wamekonda. Msimamizi wa teritwari, mkuu wa serikali pale kwetu, alipanda wa mwisho, akasoma mshale, akashuka, na hakucheka. Upande wa uzio watu wa pamba walisogea karibu. Fundi Ramazani alinigeukia, nikaona akili inamrudia machoni sawasawa na ilivyokuwa inanirudia mimi. Resori tisa tulizoziweka kando hazikuwa zimechoka. Zilikuwa zimeibiwa kilo, na zile za kamio tulizozifunga zilipita sitini.

"Basi, fundi amekosa, ama mizani imekosa?" aliuliza Bwana Miwani. "Moja tu."

Bwana Haraka alitazama kitabu changu mkononi mwangu. Akimfukuza fundi, aeleze mbele ya msimamizi resori za kilo hamsini zilivunjaje mguu. Akimwacha, amekiri kwamba mizani yake inadanganya. Ilimchukua muda, mtu yule wa haraka.

"Mizani imeharibika kidogo," alisema. "Ni joto. Weye, rudisha kitabu mufukoni. Utatengeneza."

Jumatatu mizani ililetwa garaji. Nilifungua uso wake na kukuta joto lenyewe: resori nyembamba ya pili, imefungwa kwa waya kando ya ile halali, ikiuvuta mshale nyuma. Tuliikata. Kisha tukachukua zile resori tisa za Uingereza, tukazikandamiza moja moja juu yake mpaka kimo cha kitabu. Hamsini. Fundi alipiga kofi la heshima mara tisa. Nikazirudisha garini, na Bwana Haraka akapata pedali anayoiweza, akashindwa mashindano yaliyofuata, na hakuna aliyefukuzwa. Kwa hiyo, Amisi, chagua diski iliyozoea taabu, yenye resori katikati, na kabla hujaihukumu resori kuwa imechoka, ijue kwanza mizani ni ya nani.

Msimu ulipofika nilisimama mlangoni pa ghala na nguo zangu za mafuta, nikitaka kuona kazi yangu. Mama aliweka kikapu chake, kile kile cha miaka yote. Karani akasoma mshale kwa sauti. Mama akamwambia asome tena. Akasoma tena. Alikuja kwangu akiwa amekunja uso.

"Musafiri, pamba ya mwaka huu iko na maji ndani?"

"Hapana, mama. Iko kavu."

"Mbona iko nzito vile?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa furaha, mikono ikienda huku na huku, resori, mshale, kilo za Bwana Miwani, na watu waliotuzunguka walicheka tena mpaka wakashikana. Mama alisikiliza yote mpaka mwisho bila kucheka.

"Na ile ya miaka yote ya nyuma?" aliuliza. "Ile ya baba yako?"

Nikachukua kikapu kitupu mkononi mwake, nikakibeba kichwani mwangu kama mwanamke mpaka njia ya Nyangwe, na mjini kote hakuna aliyenicheka.